Mtu mmoja, namba moja: tujifunze kupanga hifadhidata ya kumbukumbu za wanafunzi

Somo la toleo hili ni la watu wa aina mbili. Wa kwanza ni yule anayesoma diploma ya kompyuta hapa Muscat na ameambiwa aandae mradi wa mwisho. Mradi wa kumbukumbu za wanafunzi hupendwa sana, kwa kuwa kila aliyekaa darasani anajua kidogo chuo kinavyoendeshwa. Wa pili ni yule anayejiandaa kuingia chuoni, au mzazi wake. Huyu huenda asitengeneze hifadhidata maishani mwake, lakini jina lake litaingizwa ndani ya moja. Naye asiache kusoma. Ukielewa kumbukumbu zinavyopangwa utajua cha kukagua siku ya usajili, na utajua cha kumwambia karani pale faili lako linapoonekana limepotea.

Nasema "linapoonekana" kwa sababu mara nyingi faili lipo. Limehifadhiwa chini ya jina lililoandikwa kwa herufi nyingine, au limegawanyika vipande viwili ambavyo havijuani. Kwa mtu aliyesoma katika nchi moja tu, huo ni usumbufu wa asubuhi moja. Kwa mtu aliyefika hapa na vyeti vya nchi mbili, na ambaye hana njia ya kurudi shuleni kwake kuomba vingine, kosa hilo linaweza kumgharimu miaka ya masomo.

Sehemu kubwa ya somo hili haihitaji kompyuta. Chukua karatasi na penseli. Baadaye ukitaka kujaribu, zipo programu za bure kama LibreOffice Base na SQLite.

Hatua ya 1: Andika maswali kwanza

Wengi hufungua kompyuta na kuanza kuchora fomu. Subiri. Kwanza andika maswali ambayo ofisi ya msajili hulazimika kuyajibu kila siku:

- Mwanafunzi huyu ni nani, na tunampataje?
- Alikuja na vyeti gani, vya nchi gani, vya mwaka gani?
- Amesajiliwa katika kozi gani, na tangu lini?
- Amesoma masomo gani, na amepata nini?
- Amelipa kiasi gani, na anadaiwa kiasi gani?
- Kama alisimama au alihama, ilikuwa lini, na alikuwa amefika wapi?

Swali la mwisho ndilo husahauliwa zaidi. Mtengenezaji humfikiria mwanafunzi anayeingia mwaka wa kwanza, anasoma moja kwa moja na kuhitimu. Sisi tunajua kwamba maisha hayaendi hivyo. Mtu husimama muhula mmoja kwa ajili ya karatasi za ukaazi au ugonjwa wa nyumbani, akarudi, akabadilisha kozi. Kama hifadhidata haina mahali pa kuandika hayo, karani ana njia mbili tu: kumfuta, au kumwandikisha upya kana kwamba ni mgeni. Zote mbili ni hasara kwa mwanafunzi.

Kumbuka pia desturi ya vyuo vya Oman. Wanafunzi wengi huanza na programu ya msingi yenye Kiingereza, hesabu, kompyuta na stadi za kujisomea, kisha ndipo huingia kwenye diploma au shahada. Kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuwa na usajili wa aina mbili au tatu katika chuo hicho hicho, naye ni yule yule.

Hatua ya 2: Usiweke kila kitu katika jedwali moja

Vyuo vidogo vingi hutunza kumbukumbu katika karatasi moja ndefu ya Excel. Kila mstari una jina, simu, kozi, somo na alama. Tuseme mwanafunzi anasoma masomo 6 kwa muhula. Baada ya mihula 4 ana mistari 24, na katika kila mstari namba yake ya simu imeandikwa tena. Akibadilisha simu, karani anatakiwa kurekebisha mara 24. Akirekebisha 20 na kuacha 4, mwanafunzi sasa ana simu mbili, na hakuna ajuaye ipi ni sahihi. Badala ya simu weka jina au tarehe ya kuzaliwa, utaona ukubwa wa tatizo.

Mwaka 1970 Edgar F. Codd, mtaalamu wa hisabati mzaliwa wa Uingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM huko California, alichapisha makala iliyopendekeza njia nyingine. Data igawanywe katika majedwali, na majedwali yaunganishwe kwa thamani zilizomo ndani yake. Karibu hifadhidata zote za ofisi unazokutana nazo leo, za benki, hospitali na vyuo, zimejengwa juu ya wazo hilo. Kwa lugha ya nyumbani, kanuni yake ni hii: jambo moja liandikwe mahali pamoja, mara moja. Wengine wote wanaolihitaji waelekezwe hapo.

Hatua ya 3: Chora majedwali yako

Haya ndiyo majedwali ninayopendekeza kwa chuo cha kawaida. Baada ya jina la kila jedwali nimetaja safu zake muhimu.

WANAFUNZI: namba ya mwanafunzi, tarehe ya kuzaliwa, jinsia, uraia, simu, barua pepe, tarehe ya kuandikishwa.

MAJINA: namba ya mwanafunzi, jina kamili lilivyoandikwa, aina ya maandishi (Kiarabu au Kilatini), hati lilikotoka, na alama ya kuonyesha kama ndilo litakalochapwa kwenye cheti.

VITAMBULISHO: namba ya mwanafunzi, aina ya kitambulisho, namba yake, nchi iliyokitoa, tarehe ya kwisha.

VYETI VYA AWALI: namba ya mwanafunzi, baraza la mitihani, nchi, mwaka, namba ya mtahiniwa, matokeo yalivyoandikwa, kipimo kilichotumika.

KOZI: namba ya kozi, jina lake, ngazi (msingi, diploma, shahada).

USAJILI: namba ya mwanafunzi, namba ya kozi, tarehe ya kuanza, hali (anasoma, amesimama, amehama, amehitimu), tarehe ya hali hiyo.

MASOMO: namba ya somo, jina lake, uzito wake.

MATOKEO: namba ya mwanafunzi, namba ya somo, muhula, alama.

MALIPO: namba ya risiti, namba ya mwanafunzi, kiasi, tarehe, sababu ya malipo.

Tazama kwamba namba ya mwanafunzi inarudi katika karibu kila jedwali. Hiyo ndiyo kamba inayofunga mzigo wote. Katika jedwali la WANAFUNZI inaitwa ufunguo mkuu, maana yake haijirudii wala haiwi tupu. Katika majedwali mengine ni ufunguo wa kurejelea: inamwelekeza msomaji arudi kwa WANAFUNZI kuona ni nani.

Tazama pia jedwali la MATOKEO. Mwanafunzi mmoja husoma masomo mengi, na somo moja husomwa na wanafunzi wengi. Uhusiano wa namna hiyo hauwezi kuwekwa ndani ya jedwali la wanafunzi wala la masomo. Unahitaji jedwali la katikati, ambamo kila mstari unasema: mwanafunzi huyu, somo hili, muhula huu, alama hii. Muhula ni lazima uwemo. Mtu aliyeshindwa Kiingereza mara ya kwanza akafaulu mara ya pili atakuwa na mistari miwili, na yote miwili ni ya kweli. Bila safu ya muhula, kompyuta itakataa mstari wa pili au itafuta wa kwanza.

Mwisho wa yote, hati ya matokeo ambayo wengi huiita transkripti haihifadhiwi popote kama karatasi. Hukusanywa kila inapoombwa. Programu huchukua namba ya mwanafunzi, huenda kwenye MAJINA kuchukua jina la cheti, huenda kwenye MATOKEO kuchukua alama, kisha kwenye MASOMO kuchukua majina ya masomo. Kamba ikikatika sehemu moja tu, hati hutoka na pengo.

Hatua ya 4: Chagua ufunguo usiobadilika

Hapa ndipo miradi mingi huharibika. Ni kitu gani kimtambulishe mwanafunzi?

Jina halifai. Ukiita "Mohammed Said" kwenye ukumbi wa chuo cha Muscat, hutajibiwa na mtu mmoja.

Tarehe ya kuzaliwa haifai, hata ukiiunganisha na jina. Wengi wetu tuna tarehe 1 Januari kwenye hati, kwa sababu aliyetuandikisha kambini au mpakani alijua mwaka tu.

Namba ya pasipoti haifai. Pasipoti huisha, na mara nyingi mpya huja na namba mpya. Tena wapo wanafunzi wanaosafiri kwa hati nyingine kabisa.

Namba ya kiraia iliyo kwenye kadi ya mkaazi ni nzuri zaidi, lakini nayo ina kasoro kwa kazi hii. Mtu anaweza kukubaliwa chuoni kabla kadi yake haijatoka. Tukisema namba ya kiraia ndiyo ufunguo mkuu, mtu huyo haandikiki, au karani atabuni namba ya muda. Namba ya muda ikishaingia, kuitoa ni kazi kubwa.

Jawabu ni chuo kitoe namba yake, na namba hiyo isibebe maana inayoweza kubadilika. Ukitia herufi za kozi ndani ya namba, siku mwanafunzi akihama kutoka uhasibu kwenda kompyuta namba itamsema uongo. Mwaka wa kuandikishwa unaweza kuwemo, kwa sababu huo haubadiliki. Namba ya kiraia, pasipoti na hati nyingine ziwekwe katika VITAMBULISHO, pamoja na sharti kwamba kitambulisho kimoja kisiwe cha wanafunzi wawili. Sharti hilo lina faida. Karani akijaribu kumwandikisha mtu mara ya pili, kompyuta itasema: kadi hii tayari ni ya mwanafunzi fulani.

Oman yenyewe inatupa mfano wa kwa nini jambo hili ni zito. Agosti 2020, kwa Amri ya Kisultani namba 76/2020, kilianzishwa Chuo Kikuu cha Teknolojia na Sayansi Tumizi. Kiliviweka chini ya paa moja vyuo vya teknolojia, vyuo vya sayansi tumizi na Chuo cha Ualimu cha Rustaq, kikiwa na matawi Muscat, Nizwa, Salalah, Ibri, Sohar, Sur na kwingineko. Ukiwa msanifu wa hifadhidata, fikiria kazi ya kuunganisha namna hiyo inadai nini. Vyuo viwili vinaweza kuwa vimempa kila kimoja mwanafunzi wake namba 1024. Somo lile lile linaweza kuwa na jina moja huku na jina jingine kule. Mtu aliyesoma diploma katika chuo kimoja na kuendelea kwingine anaweza kuonekana kama watu wawili. Katika kazi ya aina hiyo, VITAMBULISHO vilivyojazwa vizuri ndivyo huonyesha kwamba hao wawili ni mmoja. Basi hata kama mradi wako ni wa chuo kimoja kidogo, upange kana kwamba kesho kitaunganishwa na kingine.

Hatua ya 5: Majina yawe na jedwali lao

Vitabu vingi vya kompyuta vinafundisha kuweka safu mbili: jina la kwanza na jina la ukoo. Kwetu sisi safu hizo mbili ni chanzo cha matatizo.

Mtanzania huandika jina lake, la baba na la babu, na akiulizwa jina la ukoo leo hutaja la babu, kesho la baba. Mkongo huandika majina matatu, na la ubatizo mara nyingi huja mwisho. Mwomani huandika jina lake, bin au bint, jina la baba, la babu, kisha kabila. Ukiwalazimisha wote watatu katika visanduku viwili, kila karani atakata anavyoona yeye.

Kisha kuna suala la maandishi. Kiarabu kwa kawaida hakiandiki irabu fupi, na Kiarabu sanifu hakina herufi za p, v, ch wala g ya "gari". Jina likitoka Kilatini likaingia Kiarabu, kisha likarudishwa Kilatini, huweza kurudi na sura nyingine. Chukua jina moja tu. Tanzania bara wengi huandika Salehe, pwani ya Kenya huandika Swaleh, hapa Muscat utakuta Saleh. Kwa Kiarabu ni neno moja. Vivyo hivyo Saidi, Said na Saeed, au Hamisi na Khamis. Jambo hili si geni katika mji huu. Familia za Kiomani zilizorudi kutoka Zanzibar na mwambao wa Afrika Mashariki, hasa baada ya 1970, zilikuja na vyeti vya Kilatini katika nchi inayoandika Kiarabu.

Ndiyo maana nimependekeza jedwali la MAJINA. Mwanafunzi ana mstari mmoja katika WANAFUNZI, lakini anaweza kuwa na mistari mitatu au minne katika MAJINA: jina la cheti cha shule, la pasipoti, la kadi kwa Kiarabu, la kadi kwa Kilatini. Kila moja liandikwe kamili kama lilivyo kwenye hati, bila kulikata na bila kulisahihisha. Karani akitafuta Swaleh au Saleh, atafika kwa mtu yule yule. Moja tu liwekewe alama ya kuchapwa kwenye cheti, na mwanafunzi mwenyewe alithibitishe.

Kwa upande wa ufundi, hakikisha hifadhidata yako inatumia mpangilio wa herufi wa UTF-8, ili Kiarabu na Kilatini vikae pamoja. Bila hivyo majina ya Kiarabu yanaweza kugeuka alama za kuuliza.

Hatua ya 6: Nakili matokeo, usiyatafsiri

Hebu tulinganishe. Katika mtihani wa kidato cha nne wa Tanzania, unaosimamiwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, alama A ina pointi 1, na hujumlishwa masomo 7 bora. Mwenye pointi 7 amepata A zote, na divisheni ya kwanza ni pointi 7 hadi 17. Kidogo ni kizuri. Katika mtihani wa KCSE wa Kenya, A ina pointi 12 na E ina pointi 1. Kikubwa ni kizuri. Kongo hutoa matokeo ya mtihani wa taifa kwa asilimia.

Sasa fikiria safu iitwayo "pointi" tu. Karani anaandika 7 kwa Mtanzania aliyefaulu kuliko wote shuleni kwake, na anayesoma baadaye anadhani amefeli. Vyuo vikuu pia hutofautiana. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hupima wastani kati ya 5, na vyuo vya hapa kwa kawaida kati ya 4. Wastani wa 3.8 kati ya 5 si sawa na 3.8 kati ya 4.

Kwa hiyo VYETI VYA AWALI viwe na safu ya matokeo yalivyoandikwa na safu ya kipimo. Kama chuo kinataka kubadilisha matokeo hayo kwenda kipimo chake, kifanye hivyo katika safu nyingine, pamoja na jina la aliyebadilisha na tarehe. Nakala ya asili isiguswe. Usisahau namba ya mtahiniwa pamoja na mwaka, kwani namba ile ile ya mtahiniwa wa Tanzania hutumika tena kwa mtu mwingine mwaka unaofuata.

Mambo madogo matatu yaende pamoja na haya. Tarehe 03/04/2001 ni Aprili kwetu na ni Machi kwa Mmarekani, hivyo hifadhi kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku: 2001-04-03. Saa za vipindi ziandikwe kwa mtindo wa saa 24, kwani saa mbili asubuhi ya Kiswahili ni 08:00 kwenye ratiba. Na fedha: rial 1 ya Oman ina baisa 1,000, kwa hiyo safu ya kiasi iwe na nafasi tatu baada ya nukta. Mradi ulionakiliwa kutoka nchi yenye senti 100 una nafasi mbili tu, nao utakuta risiti ya rial 45.375 imekuwa 45.38.

Hatua ya 7: Nani aone, nani abadilishe

Kumbukumbu za mwanafunzi zina mambo mengi ya siri: uraia, hati za ukaazi, pengine ugonjwa uliomfanya asimame masomo. Mwalimu anahitaji kuona orodha ya darasa lake na kuingiza alama. Hahitaji kuona malipo wala pasipoti. Mhasibu anahitaji malipo, hahitaji alama. Msajili anaona zaidi. Mwanafunzi anaona yaliyo yake, bila kuyabadilisha. Kila mmoja awe na jina la kuingilia na nenosiri lake, wasishirikiane.

Oman ina Sheria ya Kulinda Data Binafsi, iliyotolewa kwa Amri ya Kisultani namba 6/2022 na kuanza kutumika Februari 2023. Humpa mwenye data haki ya kuomba nakala ya taarifa zake na kuomba zirekebishwe. Yapo mambo ambayo sheria hiyo haiyahusu, zikiwemo kazi ambazo vyombo vya dola vimepewa kisheria. Hata hivyo ni busara kupanga hifadhidata yoyote kana kwamba mwanafunzi atakuja kesho kuuliza: mmeandika nini juu yangu?

Ili kumjibu, ongeza jedwali la kumi: MAREKEBISHO. Kila kinapobadilishwa kitu, hapo huandikwa kilichokuwepo, kilichowekwa, nani alibadilisha, lini, na kwa hati gani. Wala usimfute mwanafunzi aliyeondoka. Badilisha hali yake katika USAJILI. Anaweza kurudi baada ya miaka mitano, na masomo yake yawe yanamsubiri.

Mwisho, nakala ya akiba. Kimbunga Gonu cha Juni 2007 kilijaza maji mitaa ya Muscat. Nakala iliyo katika chumba kimoja na kompyuta yenyewe haiokoi kitu siku kama hiyo. Weka nyingine katika jengo jingine, na mara kwa mara jaribu kuifungua. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa huwezi kuitegemea.

Zoezi

Mwanafunzi wa mfano ana cheti cha kidato cha nne chenye jina Salehe Juma Hamisi. Pasipoti yake inasema Salehe Juma. Kadi yake ya mkaazi inasema Saleh Juma Khamis, kwa Kiarabu na kwa Kilatini. Amejiunga na programu ya msingi yenye masomo 4. Ameshindwa Kiingereza, akakirudia muhula uliofuata na kufaulu. Sasa ameanza diploma ya kompyuta, lakini bado hajapata matokeo ya diploma. Je, ana mistari mingapi katika kila jedwali?

Jaribu kwanza, kisha linganisha. WANAFUNZI: 1. MAJINA: 4. VITAMBULISHO: 2. VYETI VYA AWALI: 1. USAJILI: 2. MATOKEO: 5. Kama ulipata mistari 2 katika WANAFUNZI, rudi Hatua ya 4. Kama ulipata 4 katika MATOKEO, rudi mwisho wa Hatua ya 3.

Kwa wanaojiandaa kujisajili

Siku ya usajili, fanya mambo haya matano:

1. Beba hati zako zote, hata zile ambazo majina yake hayafanani. Usifiche inayotofautiana. Iombe iandikwe kwenye faili.
2. Uliza ni jina gani litakalochapwa kwenye cheti, na lisome herufi kwa herufi, kwa Kiarabu na kwa Kilatini.
3. Kama ulishawahi kusajiliwa chuoni hapo, hata kwa kozi fupi, sema, na utaje namba yako ya zamani. Usikubali namba mpya kabla hawajaitafuta.
4. Hakikisha matokeo yako ya nyumbani yameandikwa pamoja na kipimo chake na nchi.
5. Kadi ya mkaazi au pasipoti mpya ikitoka, ipeleke ofisi ya msajili wiki hiyo hiyo, na omba uone imeingizwa.

Namba ya mwanafunzi iandike mahali pawili: kwenye simu, na kwenye karatasi iliyo pamoja na vyeti vyako. Aliye na mchoro wa majedwali kwa ajili ya mradi wake anakaribishwa kuuleta ofisini tuupitie pamoja. Na aliyeambiwa kwamba faili lake halionekani, aje na hati zote zenye majina yake, tuanze kutafuta kwa kila jina.